Mapipa Yaliyolala

2 Machi

Mvua zimeanza leo saa tatu asubuhi, nasi tumechanganya tumbaku. Naandika "tumechanganya" kwa adabu tu. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na rejesta, kuhesabu magunia yaliyoingia na mapipa yaliyojaa. Mapipa kumi na manne. Nilihesabu mara tatu, na mara ya nne baada ya kuandika.

Huu ni mwezi wangu wa tatu hapa kiwandani. Kiwanda chenyewe ni ghala la bati, chumba cha kukatia majani, chumba cha kufungia makopo, na ofisi ya Meneja yenye feni. Tunatengeneza tumbaku ya kiko, aina moja tu. Mjomba, ndugu yake Mama, ndiye dereva wa lori la hapa, na ndiye aliyeniombea kazi. Siku ya kwanza aliniagiza jambo moja: "Mpwa wangu, andika unachoambiwa. Usiwe na maneno." Sijawa na maneno.

Mchanganyaji, ambaye watu wote humwita Babu Pua, alinipungia mkono nisogee.

"Njoo unuse, Kalamu." Ndilo jina walilonibandika.

"Mimi sivuti, Babu."

"Nani kakwambia uvute? Nimesema unuse. Au hiyo pua ni ya kuegeshea miwani tu?"

Nikainama juu ya pipa. Nilikuta vitu vitatu vinagombana. Jani la manjano lilinukia ganda la chungwa lililokaukia juani. Jani la moshi lilikuwa kama mkanda wa ngozi ulioangukia motoni. Jani jeusi, lile lililoshindiliwa likachacha, lilikuwa siki tupu. Machozi yalinitoka, naye akafurahi kama nimemsifu.

"Hawajuani hao," alisema. "Wameingizwa chumba kimoja leo hii. Waache walale siku tisini."

Nikaandika kama alivyotamka: Mapipa 14. Yamelala tarehe 2 Machi.

12 Machi

Siku ya kumi. Harufu ni mbaya kuliko mwanzo, inachoma pua kama choo cha stesheni. Nilidhani imeoza, nikakaa saa nzima nikiogopa kusema. Nilipothubutu, Babu Pua alicheka mpaka akashika nguzo. "Inatoa hasira. Ukiipakia leo, mteja atakurudishia ulimi wake ndani ya bahasha."

13 Machi

Mvua. Nimeandika upya ukurasa wa saba kwa sababu ya doa la wino.

22 Machi

Siku ya ishirini. Ile harufu ya choo imekwisha. Babu Pua alinipa mafungu mawili, moja kutoka juu ya pipa, moja kutoka chini, nikaambiwa niyabane kwa vidole. Siku ya kwanza vipande vingine vilikuwa vinavunjika na vingine vinanata. Leo vyote vinaitika sawa. Jani kavu, alinieleza, limekunywa unyevu wa jani bichi mpaka wamelingana, na utamu wa jani la manjano sasa una njia ya kupita. "Kwanza wanagawana maji. Ladha baadaye."

Simwogopi tena sana. Ana sauti ya kuamrisha lakini vidole vyake hushika majani kama mtu anayemvua mtoto soksi.

31 Machi

Taarifa ya robo mwaka kwa makao makuu. Kwenye safu ya "Hali ya Bidhaa" nimeandika: Mapipa 14, yamelala. Nimeisoma mara tano kutafuta makosa ya tahajia. Hakuna. Meneja ametia sahihi huku anaongea na simu.

1 Aprili

Siku ya thelathini. Moshi umerudi nyuma hatua moja. Siki bado.

5 Aprili

Dada Kifuniko, mkubwa wa wanawake wanaofunga makopo, amenionyesha lebo. Ziko elfu moja na mia nne, nyeupe, ndogo, na kila moja ina maneno "Imelala siku" halafu nafasi tupu, halafu mstari wa sahihi ya karani. Nitazijaza zote kwa mkono siku ya kupakia. Mwenye duka la viko, anayenunua karibu mzigo wote, hapokei kopo lililo chini ya tisini.

"Anza kunyoosha vidole," Dada Kifuniko aliniambia. "Karani aliyekutangulia alimaliza akashindwa hata kujikuna."

14 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na barua.

Imetoka makao makuu. Meneja alinisomea kwa sauti, mlango ukiwa wazi: "Imebainika katika taarifa yenu kwamba mna mapipa kumi na manne ya mali iliyolala. Mali hiyo iondolewe ghalani kabla ya mwisho wa mwezi huu. Aidha, mtoe maelezo kwa nini mchanganyaji aendelee kuajiriwa ilhali bidhaa yake inalala."

Mali iliyolala! Kila mtu aliyewahi kukaa ofisini anajua maana yake: mali iliyododa, isiyotakiwa na mtu, inayokula nafasi. Nami nililiandika neno la ghalani kwenye karatasi ya ofisini, nikalisoma mara tano, nikaridhika na tahajia. Nilimweleza Meneja kwamba kosa ni langu, kwamba huku kulala ni kupumzika, kukomaa, na kwamba mistari miwili ya maelezo ingetosha.

"Mistari miwili," alisema. "Yaani niwaandikie makao makuu kwamba nilitia sahihi kitu sikukisoma?"

Akaikunja barua.

"Wanataka ghala tupu, tutawapa ghala tupu. Mwambie Dada Kifuniko aandae makopo. Wewe andaa lebo. Tisini."

"Leo ni siku ya arobaini na tatu, Bosi."

"Binti, tumbaku haina cheti cha kuzaliwa."

16 Aprili

Leo nilimwendea Babu Pua nikitegemea ngurumo. Niliwaza atakwenda ofisini, atapiga meza, nami nitasimama nyuma yake. Alikuwa anafagia chini ya mapipa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kufagia.

"Andika tu," alisema.

"Babu?"

"Andika tisini. Unadhani wewe ni wa kwanza? Kila mwaka kuna haraka. Mwaka huu barua, mwaka jana mteja, mwaka juzi lori. Mara tumetoa siku ya sitini, mara hamsini na tano. Karani anaandika tisini. Tisini ya kweli ya mwisho wewe ulikuwa bado unanyonya."

Nilikaa juu ya gunia bila kuombwa. Tangu Machi nilimwona mtu huyu kama simba wa jengo hili. Kumbe naye huandika anachoambiwa, ila yeye huandika kwa ufagio.

"Sasa mwaka huu ulininusisha ya nini?"

Aliegemea ukuta. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba ilinibidi nimsogelee ndipo nisikie.

"Nilitaka awepo mtu mmoja anayejua inakokwenda. Mimi nikiondoka, hakuna."

Nimekasirika. Naandika neno hilo polepole maana silizoei. Nimemkasirikia yeye, na Meneja, na karani aliyenitangulia na vidole vyake vilivyovimba kwa kuandika uongo mara elfu moja na mia nne kila mwaka. Na mimi mwenyewe, kwa lile neno.

17 Aprili

Nilibisha hodi ofisini.

"Naomba agizo lile kwa maandishi, Bosi."

"Agizo gani?"

"La kuandika tisini siku ya arobaini na sita." Sauti ilinitoka kama ya kuku aliyekanyagwa, lakini ilitoka yote.

Akasema nije kesho.

18 Aprili

Mvua. Hajaandika.

19 Aprili

Hajaandika. Nimemkumbusha kwa adabu.

20 Aprili

Siku ya arobaini na tisa. Siki inapungua, chini yake kuna kitu kama tunda lililokaushwa. Hajaandika.

22 Aprili

Meneja amemwita Dada Kifuniko ajaze lebo yeye. Tulisikia jibu mpaka ghalani: "Mimi hapa nafunga, siandiki. Nikianza kuandika, nitafungwa mimi!" Chumba kizima kiliangua kicheko. Mimi pia, kisha nikakumbuka kuogopa.

23 Aprili

Nimefanya jambo ambalo Mama akilisikia atalala na presha. Nimewaandikia makao makuu mwenyewe, kwa jina langu na cheo changu, nikampa Meneja nakala mkononi. Nainakili hapa ili nisije nikasema baadaye kwamba sikukusudia:

"Katika taarifa ya robo mwaka nilitumia neno 'yamelala'. Kosa la kutolifafanua ni langu, si la Meneja wala mchanganyaji. Tumbaku hii si mali iliyododa. Imelazwa makusudi kwa siku tisini ili unyevu ulingane, ukali upungue na majani matatu yawe ladha moja. Leo ni siku ya hamsini na mbili. Lebo ya kopo humwambia mnunuzi imelala siku ngapi, na sahihi iliyo chini yake ni yangu. Siwezi kuandika siku ambazo hazijafika."

Nilianza na "Samahani" mara mbili. Mara zote mbili nililikata.

Meneja alisoma nakala akiwa amesimama. "Umeniruka."

"Ndiyo, Bosi."

"Unajua maana yake?"

"Najua."

Mjomba alinisubiri langoni. Hakunipandisha lori. Alitembea nami hadi kona ya barabara, matope mpaka kwenye visigino, halafu akasema: "Miaka kumi na saba sijawahi kuitwa ofisini. Nimekuombea kazi kwa mdomo huu. Umenivua nguo, mpwa wangu." Nikamjibu kwamba nami nimeambiwa nivae za karani mwingine. Hakucheka. Ni mtu mwoga, Mjomba. Nimeandika hivyo na sitafuta.

27 Aprili

Hakuna jibu. Hakuna agizo. Meneja ananipita kama kabati, wala hathubutu kupakia kabla makao makuu hawajajibu barua yangu.

3 Mei

Siku ya sitini na mbili, na siku mbaya kuliko zote.

Bati la kona ya mashariki limetoboka. Pipa namba tisa lilikuwa linadondokewa, pengine tangu juzi. Babu Pua alifungua kifuniko na hakuna aliyehitaji kunusishwa: utando mweupe, kama manyoya, na harufu ya kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Ukungu. Alichimba kwa mkono mpaka kwenye kiwiko akitafuta sehemu nzima. Hakuikuta.

Meneja alikuja na mwavuli. "Unaona sasa? Ingekuwa kwenye makopo wiki mbili zilizopita, tusingepoteza hata jani. Hii ndiyo adabu yako ya maandishi."

Lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliuma. Nilitaka kusema, basi, leteni lebo. Lilikuwa tayari mdomoni.

Babu Pua ndiye aliyejibu. Alisimama, mkono mmoja mweupe mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Bati hilo nimeliombea msumari tangu Januari. Karani ameniandikia ombi mara tatu. Tufungue rejesta, Bosi?"

Meneja hakutaka rejesta ifunguliwe. Mchana tulisogeza mapipa kumi na matatu hadi ukuta wa magharibi, tukayafungua yote, tukageuza majani yote, juu kwenda chini, mimi na Babu na Dada Kifuniko na wenzake sita walioacha makopo bila kuitwa. Sketi yangu ya kazini sasa ni ya kahawia. Wakati tunainua pipa la mwisho Babu Pua alisema, bila kunitazama: "Nilikwambia uandike tu. Futa hilo."

Nimeandika kwenye rejesta: Pipa namba 9, limeharibika kwa ukungu, paa.

8 Mei

Makao makuu wamejibu! "Kuhusu matumizi ya neno 'kulala', suala limepelekwa kwa kamati. Bidhaa husika isiguswe mpaka ufafanuzi ukamilike."

Isiguswe. Nilisoma neno hilo mara tano, kwa furaha safari hii. Kamati ikae. Iahirishe. Itafute kamusi. Kila siku wanayobishana, tumbaku nayo inalala.

11 Mei

Siku ya sabini. Nilipoinama juu ya pipa la tatu nilitafuta moshi nikaukosa. Haujaondoka, ila umeingia ndani ya utamu na siwezi kuutoa peke yake, kama vile huwezi kuutoa mdalasini kwenye chai iliyochemka. Rangi nayo imekolea. Lile jani la manjano halipo tena, sasa ni kahawia.

12 Mei

Mvua nyepesi. Kamati bado.

21 Mei

Siku ya themanini. Sina maneno mapya. Babu Pua anasema hiyo ni dalili nzuri.

28 Mei

Siku ya themanini na saba. Barua imefika saa nne asubuhi. Ufafanuzi umekubaliwa. Neno "yamelala" lisitumike tena katika taarifa, litumike "yamehifadhiwa kwa ajili ya ukomavu". Bidhaa ipakiwe mara moja.

Meneja aliniita, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza akanikaribisha kiti.

"Siku tatu," alisema. "Umeshinda, binti. Themanini na saba! Mwenyewe sikumbuki lini tumefika huko. Sasa andika tisini tumalize."

"Tarehe thelathini na moja ndiyo tisini, Bosi."

"Kwa siku tatu nani atakufa? Kamwulize huyo Babu yako kama anaweza kuzinusa!"

Nilikwisha kumwuliza. Babu Pua alisema hakuna pua duniani inayotenganisha themanini na saba na tisini. Nilimwambia Meneja hivyo hivyo, sikumficha.

"Basi?"

"Basi lebo haisemi inanukiaje, Bosi. Inasema siku ngapi."

Alipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Nikaona kola yake imeisha shingoni, imegeuzwa na kushonwa upya. "Nami nilianza karani," alisema. "Nina watu nyumbani. Makao makuu wakiniuliza kwa nini lori halikutoka leo niwaambie nini? Kwamba msichana wa rejesta amekataa?"

"Nipe lebo niandike themanini na saba. Nitamaliza kabla ya saa kumi."

"Mwenye duka hatazipokea."

"Ndiyo, Bosi."

Ameniambia nitaona. Nimeogopa, lakini sikuondoka kitini mpaka aliponiambia niondoke.

29 Mei

Meneja amewaambia wanawake wa makopo wapakie hivyo hivyo, bila lebo, zitajazwa mbele ya safari na mtu mwingine. Alipotoka nje kuliita lori, lori lilikuwa juu ya matofali. Magurudumu mawili ya nyuma yameegemezwa ukutani, na miguu ya Mjomba imetokeza chini ya chasisi.

"Nini hii?"

"Breki, Bosi."

"Jana zilikuwa nzima!"

"Jana sikuzitazama. Breki si za kuchezea, Bosi. Utelezi huu?"

"Zitachukua muda gani?"

Spana ilizungushwa mara mbili chini ya lori. "Leo, kesho... Nikijitahidi, keshokutwa saa nane."

Meneja aliahirisha kupakia mpaka lori lipone. Mjomba alipotoka kunywa maji nilimsogelea. Nilitaka kumwambia kitu lakini akaniwahi. "Usinitazame hivyo. Nina breki mbovu mimi." Halafu akarudi chini ya lori, akagonga kitu kwa nguvu, kitu ambacho naamini hakikuhitaji kugongwa.

Yale niliyoandika tarehe 23 Aprili kuhusu woga wake nilisema sitayafuta. Nimeyakata kwa mstari mmoja, yanasomeka bado.

30 Mei

Hakuna mvua. Themanini na tisa.

31 Mei

Siku ya tisini.

Saa moja asubuhi tulifungua mapipa yote kumi na matatu. Sitaweza kuieleza vizuri. Machi nilinusa vitu vitatu, leo nilinusa kimoja, na hakina jina la kitu chochote kilichomo. Kidogo mkate unaotoka kwenye oveni, kidogo ngozi ya kiatu kipya. Babu Pua alijaza kiko, akashindilia kwa dole gumba, akawasha. Tulisimama tukimtazama mdomo. Alivuta mara nne, mara tano. Meneja alikuwa amesimama mlangoni.

"Haiumi," alisema Babu Pua. Akakitoa kiko mdomoni akakitazama. "Nilikuwa nimeshasahau."

Alikwenda nje kumalizia.

Makopo elfu moja na mia tatu. Wanawake walijaza na kufunga, mimi nikaandika 90 na sahihi, 90 na sahihi, tangu saa mbili. Sikuwa nimejaza hata moja jana, ingawa Dada Kifuniko alinishauri nitangulize. Ilipofika saa tisa, kidole cha kati kilikuwa kimevimba, akanifunga kitambaa. "Sasa umekuwa karani," alisema. "Ole wako ukiwashwa." Mjomba alirudisha magurudumu saa nane kamili. Lori limetoka langoni saa kumi na moja na robo, na honi mbili.

Meneja aliniita nikiwa bado na kitambaa kidoleni. Barua ilikuwa mezani. Nimeachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Nilijua, Mama pia anajua, tumekwisha kulia kwa ajili ya kazi hii wiki iliyopita.

"Tia sahihi hapa, kwamba umepokea."

Nikaisoma yote, kama ninavyosoma kila kitu. Ilikuwa ya tarehe 27 Mei. "Kuanzia tarehe hiyo wewe si karani wa kiwanda hiki." Nikaisoma tena. Kama ni tarehe ishirini na saba, basi makopo elfu moja na mia tatu yametiwa sahihi leo na mtu asiye karani. Yanaweza kurudishwa kesho na lebo zake zikabanduliwa, na yeyote akaandika chochote.

"Tarehe hii si kweli," nilisema.

"Binti, ni tarehe tu."

Nilifungua kalamu. Nilikata 27 kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika 31 juu yake, nikatia sahihi ndogo pembeni kama inavyotakiwa kwa kila sahihisho. Meneja alinyoosha mkono, kisha akauacha hapo mezani. Nikashuka chini nikatia sahihi ya kupokea, na mbele yake nikaandika na saa: kumi na moja na nusu.

"Sasa nimeachishwa," nilimwambia, nikamrudishia barua yake.